Tarehe 11 Februari: Nyimbo zetu zilizaliwa lini?

Katika kalenda ya muziki wa dunia, tarehe 11 Februari ni siku iliyojaa. Siku hiyo mwaka 1963 vijana wanne kutoka Liverpool, kundi la The Beatles, waliingia katika studio za kampuni ya EMI kwenye barabara ya Abbey mjini London, na kabla ya usiku wa manane walikuwa wamerekodi nyimbo kumi, yaani sehemu kubwa ya albamu yao ya kwanza. Siku hiyo mwaka 1990 Nelson Mandela alitoka gerezani baada ya miaka 27, na nyimbo zote zilizokuwa zimeimbwa kudai aachiliwe zikapata jibu. Siku hiyo mwaka 2012 Whitney Houston alifariki katika hoteli ya Beverly Hilton huko Marekani, kesho yake ikiwa ni siku ya tuzo za Grammy. Matukio haya husomwa redioni na kusambazwa kwenye simu kila mwaka, na kijana wa Kanyosha, kusini mwa Bujumbura, anaweza kuyajua yote bila kutoka mtaani kwake. Lakini yapo mengine mawili ya tarehe hiyo hiyo ambayo ni nadra kuyasikia. Tarehe 11 Februari 1983 alifariki Joseph Kabasele, aliyeitwa Grand Kallé, mwanamuziki ambaye Wakongo wengi humhesabu kuwa baba wa rumba yao ya kisasa. Tarehe 11 Februari 2001 alifariki Fadhili William wa Kenya, mwimbaji aliyeutoa wimbo wa "Malaika" Nairobi ukaenea duniani. Muziki wa wawili hawa bado unapigwa katika harusi na baa za Bujumbura, na wanaoucheza wengi wao hawakuwa wamezaliwa Kabasele alipozikwa.

Iko tofauti kati ya matukio haya, nayo ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini. The Beatles wanakumbukwa tarehe 11 Februari kwa sababu ya kazi waliyoifanya siku hiyo. Kabasele na Fadhili wanakumbukwa, pale wanapokumbukwa, kwa sababu siku hiyo walikufa. Na si wao peke yao. Mwulize mpenzi wa muziki wa ukanda wetu tarehe anazozijua, naye atakuhesabia misiba: Franco Luambo Makiadi, 12 Oktoba 1989; Bi Kidude wa Zanzibar, 17 Aprili 2013; Papa Wemba aliyeanguka jukwaani Abidjan, 24 Aprili 2016; Mbaraka Mwinshehe aliyepata ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Mwulize siku gani Mbaraka aliingia studio kurekodi wimbo wake unaopendwa kuliko wote, atanyamaza. Kwa Bi Kidude hata mwaka wa kuzaliwa ulibaki kuwa wa kukisia mpaka anafariki. Ninachotaka kukionyesha hapa ni kwamba kalenda yetu ya muziki imekuwa daftari la makaburi kwa sababu siku za kazi hazikuandikwa, na kwamba kutokuandika huko hakukuwa jambo dogo la karani. Kuliwanyima wanamuziki wetu heshima, na mara nyingi kuliwanyima fedha.

Tuanze na London, kwa sababu pale tunaona jinsi siku moja inavyoweza kuhifadhiwa. Tunajua kwamba kazi ya tarehe 11 Februari 1963 ilianza saa nne asubuhi na kumalizika karibu saa tano usiku. Tunajua kwamba msimamizi alikuwa George Martin na fundi wa sauti alikuwa Norman Smith. Tunajua kwamba John Lennon alikuwa na mafua, sauti yake ikatunzwa mpaka mwisho, kisha akapewa wimbo wa "Twist and Shout" ambao ulihitaji kupiga kelele, akauimba mara moja kwa nguvu zote, na walipojaribu mara ya pili sauti haikuwepo tena. Tunajua hata nyimbo zilizorudiwa mara nyingi na zile zilizokubaliwa upesi. Tunayajua haya si kwa sababu Waingereza wana kumbukumbu nzuri kuliko watu wengine. Wakati ule The Beatles walikuwa vijana wenye sahani mbili tu sokoni, na hakuna aliyejua kwamba wangekuwa The Beatles tunaowajua. Yalijulikana kwa sababu EMI ilikuwa na utaratibu wa ofisi: kila kipindi cha kurekodi kilijaziwa fomu, kila kanda iliwekwa kwenye kasha lenye maandishi, kila kasha lilipangwa rafuni. Miaka 25 baadaye, mwaka 1988, mtafiti Mark Lewisohn alizifungua karatasi hizo na kanda hizo akaandika kitabu kinachoonyesha kila siku ya kazi ya kundi hilo. Umaarufu ulikuja baadaye, karatasi ilitangulia. Jambo hili ni muhimu, kwa maana wengi hudhani kwamba watu huandikwa kwa sababu ni wakubwa. Mara nyingi ni kinyume chake: aliyeandikwa ndiye anayeweza kuonekana mkubwa baadaye.

Sasa tuhamie Nairobi ya miaka hiyo hiyo. Fadhili William alizaliwa mwaka 1938 katika nchi ya Wataita, akawa mpiga gitaa na mwimbaji katika kundi la Jambo Boys, kisha katika bendi ya studio ya Equator Sound iliyomilikiwa na Mwingereza Charles Worrod. "Malaika" aliurekodi zaidi ya mara moja mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwanza na Jambo Boys, baadaye katika studio ya Equator, na rekodi hizo mbili zimechanganywa mno katika masimulizi hata mwaka wa kwanza hutajwa kwa namna tofauti na kila msimulizi. Wimbo wenyewe ulisafiri. Miriam Makeba aliuimba, akaurekodi pamoja na Harry Belafonte katika albamu yao ya mwaka 1965 iliyopata tuzo ya Grammy. Boney M waliuimba mwaka 1981. Angélique Kidjo wa Benin aliuimba mwaka 1991. Ni shida kuutaja wimbo mwingine wa Kiswahili uliofika mbali kiasi hicho. Na bado swali la nani aliutunga halijapata jibu ambalo watu wote wanalikubali. Fadhili alisema ni wake, na ndiye aliyesajiliwa kama mwenye haki. Mtanzania Adam Salim alidai kwamba aliutunga yeye akiwa Nairobi mwaka 1945, miaka kumi na mitano hivi kabla ya Fadhili kuurekodi. Lucas Tututu wa pwani ya Kenya naye ametajwa na wanaomwamini. Kila upande una mashahidi, kila upande una masimulizi ya kupendeza kuhusu msichana aliyependwa na mahari iliyokosekana, na hakuna upande wenye karatasi ya siku ile.

Hapa msomaji atambue kwamba tarehe inafanya kazi ya ushahidi. Kama lingekuwepo daftari moja tu, la klabu, la redio au la studio, lenye kuonyesha kwamba wimbo huo ulipigwa mwaka 1945 na fulani, ugomvi ungekwisha. Na kama lingekuwepo daftari linaloonyesha kwamba kabla ya siku fulani ya mwaka 1960 hakuna aliyewahi kuusikia, ugomvi pia ungekwisha, kwa faida ya Fadhili. Ukosefu wa tarehe haukumsaidia mwanamuziki yeyote kati yao. Uliwasaidia wale wa mbali waliouimba wimbo na kuandika kwenye majalada yao chochote walichopenda, kwa kuwa wimbo usio na mwenyewe anayejulikana ni rahisi kuutendea kama wa kuokota. Fadhili aliishi Marekani miaka mingi, akarudi Kenya, akafa tarehe ile ya Februari wakati wimbo aliouimba ulikuwa umeshapigwa katika kila hoteli ya kitalii kuanzia Lamu hadi Unguja. Mtu anaweza kuamini kwamba Fadhili aliutunga au kwamba aliupokea kutoka kwa mwingine. Kwa vyovyote vile, haki ilihitaji siku, mwezi na mwaka, na havikuwepo.

Tarehe hiyo hiyo ya 11 Februari inatupa mfano wa upande wa pili, na kwa kweli siuoni mfano unaofundisha zaidi. Whitney Houston anapokumbukwa, wimbo unaopigwa kwanza ni "I Will Always Love You", alioutoa mwaka 1992 na kukaa nao kileleni mwa chati ya Marekani kwa wiki 14. Wimbo huo hakuutunga yeye. Uliandikwa na Dolly Parton, mwimbaji wa muziki wa mashambani wa Marekani, aliyeurekodi Nashville mwezi Juni 1973 na kuutoa mwaka 1974. Elvis Presley alipotaka kuuimba, meneja wake, Tom Parker, alidai nusu ya haki za wimbo. Dolly Parton akakataa, ingawa kukataa kulimuuma. Karibu miaka ishirini baadaye Whitney alipouimba, kila santuri iliyouzwa na kila redio iliyoupiga ilimlipa Dolly Parton fungu lake. Wimbo ulibadilisha mwimbaji, ukabadilisha mtindo, watu wengi wakasahau kabisa kwamba una mwenyewe, lakini mwenyewe hakupoteza kitu, kwa sababu karatasi ilikuwa na jina lake na siku yake. Weka wimbo huo kando ya "Malaika". Zote mbili ni nyimbo za mapenzi yasiyowezekana, zote zilipata waimbaji wakubwa kuliko waliozitoa mwanzo, zote zilizunguka dunia. Katika uzuri sioni uliozidiwa. Zimetofautiana katika maandishi.

Kabasele ana kisa chake, nacho ni cha kutia moyo. Alizaliwa Matadi mwaka 1930, akaanzisha bendi ya African Jazz mwaka 1953, na Januari 1960 akaenda Brussels na wanamuziki wenzake, akiwemo mpiga gitaa Nico Kasanda, wakati wanasiasa wa Kongo walipokuwa katika Mkutano wa Meza ya Duara kujadili uhuru wao na Wabelgiji. Ilipokubaliwa kwamba uhuru utapatikana tarehe 30 Juni 1960, bendi ikatoa "Indépendance Cha Cha". Wimbo ule unataja viongozi na vyama vilivyokuwa mezani. Kwa hiyo hata kama karatasi zote za studio zingepotea, mwanahistoria angeweza kuusikiliza na kusema kwa uhakika ni wa majuma gani ya mwaka gani. Wimbo ulibeba tarehe yake tumboni. Usumbura ya wakati ule, ambayo sasa ni Bujumbura, ilikuwa makao makuu ya Ruanda-Urundi chini ya Wabelgiji hao hao, na uhuru wa Burundi ulikuja miaka miwili baadaye, 1 Julai 1962. Haishangazi kwamba ule wimbo wa jirani ulipokelewa hapa kama habari ya nyumbani, kama ulivyopokelewa katika nchi nyingi za Afrika. Kumtaja Kabasele kila tarehe 11 Februari ni heshima, na ninaipenda heshima hiyo. Lakini kama Kabasele ana siku yake katika kalenda, basi ni ile ya Januari 1960 alipoiambia Afrika kwa gitaa na sauti kwamba zama zinabadilika. Siku ya kifo chake haituambii lolote kuhusu muziki wake isipokuwa kwamba ulikoma.

Burundi yenyewe ina kisa kinachouma zaidi, na kinahusu kitu kinachojulikana kwetu kuliko vyote: ngoma. Mwaka 1967 Wafaransa wa taasisi ya Ocora walirekodi muziki wa Burundi, ukiwemo wa abatimbo, yaani wapiga ngoma, na mwaka uliofuata wakatoa santuri. Mlio ule wa ngoma za amashako zisizokoma, ngoma ya inkiranya ikiongoza katikati na ngoma za ibishikizo zikiifuata, haukuwa umewahi kusikika Ulaya kwa nguvu ile. Mwaka 1971 mwanamuziki wa Kifaransa Michel Bernholc alichukua rekodi ya ngoma, akaongeza piano na gitaa juu yake, akaitoa kama "Burundi Black", nayo ikaingia katika chati ya Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada alitumia rekodi hiyo ya ngoma katika wimbo wake "The Jungle Line". Mwaka 1980 na 1981 makundi ya Adam and the Ants na Bow Wow Wow yalijenga mtindo wao juu ya mapigo ya aina hiyo, na waandishi wa Uingereza wakayaita mapigo hayo kwa jina la nchi yetu. Hesabu miaka niliyoitaja: 1967, 1971, 1975, 1980. Yote inajulikana. Sasa taja jina la mmoja wa wanaume waliozipiga ngoma zile mwaka 1967. Majina yao hayakuwekwa kwenye lebo za nyimbo zilizouzwa Ulaya. Tarehe ilihifadhiwa upande wa mnunuzi, na upande wa mpigaji likabaki jina la nchi tu, kana kwamba nchi ina mikono.

Haki iende kwa wanaostahili: mambo yalibadilika kiasi. Tarehe 16 hadi 18 Julai 1982, katika tamasha la kwanza la WOMAD huko Shepton Mallet, Uingereza, lililoanzishwa na Peter Gabriel na wenzake, wapiga ngoma wa Burundi walipanda jukwaani wenyewe, wakapiga hata pamoja na kundi la Echo & the Bunnymen. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika. Mwaka 2017 amri ya rais ikaweka utaratibu wa nani apige ngoma na kwa kibali gani, na ikawazuia wanawake kuzipiga. Kwa maoni yangu nguvu hiyo ya kuweka utaratibu ingefaa kwanza kutumika kuandika majina: nani walipiga huko Gishora penye ngoma za kifalme, nani walipiga kwenye sherehe za uhuru, nani walikwenda Ulaya mwaka 1982, na nani aliwafundisha. Urithi unaoandikwa kwa jina la taifa peke yake unawaacha waliourithi bila anwani.

Wapo watakaosema kwamba mjadala wote huu umejengwa juu ya sadfa. Mwaka una siku 365, wanamuziki ni maelfu kwa maelfu, na ukichagua tarehe yoyote utakuta wawili au watatu waliozaliwa au kufa siku hiyo. Hakuna siri kati ya Kabasele na Fadhili, wala kati yao na Whitney Houston. Nakubali kabisa. Tarehe 11 Februari haina nguvu yoyote ya kinyota, na anayetafuta maana katika kukutana kwa vifo hivyo anapoteza muda. Ila sadfa hiyo ndiyo inayoufanya mfano uwe wa haki. Kama ningechagua mimi mwenyewe wimbo mmoja wa kwetu ulioandikwa vibaya na mmoja wa kwao ulioandikwa vizuri, mngenishuku kwamba nimepanga matokeo. Siku ya kalenda haimpendelei mtu. Inakata historia mahali popote na kutuonyesha kilichomo ndani, kama mpishi anavyochota kijiko kimoja cha mchuzi kuonja sufuria nzima. Kijiko cha 11 Februari kinaonyesha kazi upande mmoja na misiba upande mwingine, na ukichota tarehe 12 Oktoba au 24 Aprili ladha haitabadilika sana.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nalo husemwa na watu wanaoupenda muziki wetu kwa dhati. Wanasema kwamba sisi ni watu wa simulizi; wimbo kwetu ni wa jamaa nzima, hupokelewa kwa babu na kupewa mjukuu, na kuuwekea tarehe na jina la mtu mmoja ni kuuvisha nguo ya kigeni. Wimbo wa mavuno, wa kubembeleza mtoto au wa kupigia kasia hauna mtunzi na hauhitaji. Upande huo wana haki, na sidai kwamba kila wimbo wa jando au wa kulima upelekwe ofisini. Lakini si kweli kwamba tarehe ni jambo la kigeni kwetu. Katika ufalme wa Burundi ngoma zenyewe zilikuwa na kalenda. Umuganuro, sherehe ya kupanda mtama, ulikuwa na wakati wake katika mwaka, uliopimwa kwa mwezi na mvua, na ngoma takatifu ya Karyenda ilikuwa na nafasi yake katika siku hizo na si siku nyingine. Zilikuwepo koo zilizojulikana kwa jina kwamba ndizo zenye jukumu la ngoma fulani mahali fulani. Yaani nani, wapi na lini vilijulikana na kulindwa, bila karatasi. Utaratibu ule ulivunjwa wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, sherehe ya Umuganuro ikaachwa, na hapo ndipo ngoma zilipoanza kupigwa bila kalenda. Anayeandika tarehe leo anarudisha kitu ambacho mababu walikitunza kwa njia yao. Tena muziki tunaouzungumzia hapa, rumba, zouk, bongo fleva, nyimbo za kwaya, si wa mavuno. Unatungwa na mtu mwenye jina, unarekodiwa kwa mashine, unauzwa. Kitu kinachouzwa bila risiti kina hasara kwa aliyekitengeneza.

Tena tusidhani kwamba ukanda wetu haujawahi kuandikwa. Siti binti Saad wa Zanzibar alipovushwa bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, kampuni iliandika, na ndiyo maana leo tunaweza kuzungumza juu ya safari ile kwa mwaka kamili. Tumezoea kusema kwamba zamani haikuwezekana. Iliwezekana karibu miaka mia moja iliyopita, kwa mwanamke aliyetoka kijijini na kuanza maisha kwa kuuza vyungu, kwa sababu mwenye mashine alikuwa na tabia ya kuandika.

Pingamizi la tatu ni la vijana: siku hizi kila kitu kiko kwenye intaneti, kwa hiyo tatizo limekwisha lenyewe. Laiti ingekuwa hivyo. Fungua wimbo wowote wa zamani wa Burundi kwenye YouTube, uangalie tarehe iliyoandikwa chini yake. Ni tarehe ambayo mtu mmoja, labda aliyeko Brussels au Ottawa, aliipandisha video hiyo. Wimbo wa miaka ya 1980 unaonekana wa mwaka 2012. Jina linaloonekana ni la mwenye akaunti. La mpiga besi halipo. Akaunti ikifungwa, wimbo unaondoka nayo. Intaneti ni soko kubwa, na soko huweka bidhaa mbele ya macho bila kujali ilitengenezwa lini na nani. Na kuna hatari nyingine, kwamba kosa likishaandikwa huko hunakiliwa mara elfu, na kadiri linavyorudiwa ndivyo linavyofanana na ukweli. Hilo ndilo lililoukuta mwaka wa "Malaika".

Hifadhi za nyumbani nazo ni dhaifu, na hilo tumelijua kwa njia ngumu. Tarehe 13 na 14 Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi, redio za binafsi za Bujumbura zilishambuliwa: RPA, Bonesha, Isanganiro, Renaissance na Rema. Tulizungumza sana, na kwa haki kabisa, juu ya habari na uhuru wa waandishi. Tulizungumza kidogo mno juu ya muziki. Redio ya mji kama wetu ni maktaba pia. Ndimo zinamokaa kanda za mahojiano na wasanii, nyimbo zilizoletwa na wanamuziki wenyewe kwa mkono kabla ya kuwa na jina, na matangazo ya matamasha yenye siku na mahali. Kanda ikikaa mahali pamoja tu, basi haijahifadhiwa. Imewekwa tu kusubiri moto, mvua au panya.

Kwa hiyo narudi Kanyosha, kwa sababu kazi hii ya kuandika inaanzia mitaani na si Kinshasa wala Abbey Road. Mtaa huu una kwaya za makanisa zinazotoa nyimbo mpya kila mwaka, una vijana wanaorekodi katika vyumba vyenye kompyuta moja na kipaza sauti kimoja, una wapiga ngoma wanaoalikwa harusini, na una wazee wenye kaseti za zamani katika masanduku. Kati ya hao yumo bila shaka atakayefika mbali, kama Jean-Pierre Nimbona, yaani Kidumu, alivyofika Nairobi akajulikana Afrika Mashariki nzima, au kama Khadja Nin alivyoimba kwa Kiswahili mwaka 1996 akasikika Ulaya na "Sambolera". Nani kati yao, hatujui leo, kama EMI ilivyokuwa haijui mwaka 1963. Ndiyo sababu wote waandikwe. Kinachohitajika hakigharimu hata franka mia moja: jina la wimbo, jina la mtunzi, majina ya walioimba na waliopiga, mahali, siku, mwezi na mwaka. Viandikwe kwenye daftari la kwaya, viandikwe ndani ya jina la faili kwenye kompyuta, na nakala ikae kwa mtu wa pili anayeishi nyumba nyingine.

Upande wa sheria mlango uko wazi. Burundi ina sheria ya haki za mwandishi ya tarehe 30 Desemba 2005, na iko ofisi ya serikali ya haki hizo, OBDA, ambako msanii anaweza kusajili kazi yake. Malalamiko juu ya malipo kidogo na ucheleweshaji yapo, na wasanii wana haki ya kuyasema. Lakini msanii asiyejua wimbo wake aliurekodi lini ana kazi ngumu kumdai mtu yeyote, mahakamani au ofisini. Watangazaji wetu nao wana sehemu yao. Kipindi kinachosoma matukio ya siku katika muziki kiendelee kuwataja The Beatles, ni wanamuziki wakubwa na siku yao ni ya kweli. Ila mtangazaji aongeze lake: ampigie simu kiongozi wa kwaya ya Kanyosha, amtafute mpiga ngoma mzee, aulize wimbo fulani ulirekodiwa lini, aandike jibu na kulitangaza mwaka unaofuata siku ile ile. Na wewe msomaji mwenye kaseti ya bendi iliyopigwa Bujumbura miaka ya 1970 au 1980, usiisubiri taasisi. Waulize wazee waliokuwepo wakati bado wako hai, uandike kwenye kasha lake majina na tarehe wanayoikumbuka, kisha utafute mtu wa kukunakilia kabla utepe haujakatika.